Padre Tusiyemjua

Majimoto, Ijumaa, 26 Desemba. Asubuhi.

Mvua imenyesha toka alfajiri na sasa hivi imekatika. Uwanja wa Bibi ni tope tupu, jeusi, la kunata, na kuku wanatembea wakinyanyua miguu kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, kwanza kwa sababu hapa ndipo mtandao unashika, pili kwa sababu nyumba kubwa hakuna anayetaka kuniona.

Nina kama nusu saa, kwa hiyo naandika bila kupamba.

Naidharau familia yangu.

Najua siyo sentensi ya kuandika siku moja baada ya Krismasi, tena kwenye blogu ambayo binamu yangu yeyote anaweza kuifungua. Ila blogu hii ina wasomaji wachache sana, na mmoja wao ni mimi mwenyewe nikiingia kwa simu ya mama. Kwa hiyo nasema. Nimejaribu maneno mengine, kama "nimechoshwa nao" na "hatuelewani", lakini hayatoshi. Neno ni hilohilo.

Mambo yalianza mwezi wa nane, kwenye kikao cha ukoo nyumbani kwetu Mpanda. Baba Mdogo Deus, mdogo wake baba, anauza vipuri vya pikipiki, na tangu aliposikiliza kipindi fulani cha redio kuhusu kuweka akiba amekuwa mchumi. Alisimama katikati ya sebule yetu, mikono nyuma, akasema mwaka huu ukoo utaokoa. Sikukuu zinatumaliza. Kila Januari tunakopa ada kwa sababu kila Desemba tunakula kama kesho haipo.

Hapo nilikubaliana naye. Naandika hilo ili nitende haki.

Halafu akaanza kutaja vitu vya kufuta. Keki ikafutwa. Soda zikafutwa, badala yake juisi ya unga kwenye ndoo. Mapambo mapya yakafutwa, yatatumika maputo ya mwaka jana, ambayo shangazi alikuwa ameyahifadhi kwenye mfuko wa rambo na yalikuwa yamenywea kama ngozi ya mgonjwa. Mwisho akafika kwenye zawadi.

"Zawadi ni hasara mara mbili," alisema. "Anayetoa anapoteza hela, anayepewa hakuomba. Mtu anakupa kikombe, wewe unavyo vikombe kumi. Sasa hapo nani amefaidi? Si mwenye duka?"

Watu wazima walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kitabu, nikajifanya nasoma. Kila Krismasi baba hununua kitabu kimoja kwenye duka la vifaa vya shule, anakifunga kwa gazeti, anakiweka juu ya mto wangu bila kusema neno. Sikuwahi kukiomba. Na nyumba nzima sina kikombe changu hata kimoja, ila vitabu hivyo ninavyo sita.

Nilimtazama baba. Alikuwa anapiga makofi, polepole, kama mtu anayekung'uta vumbi mikononi.

Nimejifunza kitu kuhusu watu wazima: wakisema "tutaokoa", kuokoa huanzia kwenye vitu vya watoto. Bia hazikufutwa. Hakuna hata aliyezitaja.

Likabaki suala la nguo. Kwetu mtoto asipovaa nguo mpya Krismasi, majirani wanauliza kama kuna msiba. Baba Mdogo akasema ana suluhisho: kila nyumba isinunue kivyake, tununue kitambaa kimoja cha jumla, ukoo mzima tuvae sare. "Tutapendeza na tutaokoa," alisema. "Niachieni mimi."

Wakamwachia yeye.

Kitambaa kilifika mwezi wa kumi na moja, marobota mawili, yamefungwa kwenye keria ya pikipiki yake. Alikuwa amekitoa kwa mfanyabiashara mmoja Sumbawanga, kwa bei ambayo alituambia tuitamke kwa kunong'ona ili wengine wasiharakishe kwenda. Kilikuwa kitenge kizuri, cha bluu na njano. Katikati, ndani ya duara la maua, palikuwa na picha ya padre.

Padre mnene kiasi, mwenye miwani, anatabasamu. Kuzunguka duara yalikuwa maandishi: PADRE WETU, HONGERA KWA MIAKA 25.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Padre," alisema Baba Mdogo.

"Padre nani?"

"Ndiyo siri ya bei, shemeji. Waliochapisha walisahau kuandika jina. Parokia ikavikataa vyote. Sasa kosa lao mimi linanihusu nini? Kitambaa si kitambaa?"

Nilidhani watu watacheka, warudishe marobota kwenye pikipiki. Hawakucheka. Shangazi alikishika, akakivuta, akanusa, akasema hakichuji rangi. Basi. Watu thelathini na kitu wa ukoo wetu, kuanzia Bibi hadi kichanga cha binamu, tukapimwa nguo zenye uso wa mtu tusiyemjua.

Fundi wetu Mpanda alipata taabu kuliko alivyotegemea. Shangazi alimwekea sharti moja: padre hakaliwi. Uso wake usiangukie nyuma ya sketi wala nyuma ya suruali ya mtu. Fundi akageuza kitambaa huku na huku, akakata, akaunga. Gauni langu lina padre mzima tumboni na nusu padre kila bega. Mtoto mdogo wa Baba Mdogo ana paji la uso na miwani tu. Shati la baba lilipata padre kifuani upande wa kushoto, na fundi, kwa kuwa lazima shati liwe na mfuko, akashona mfuko juu ya mdomo wa padre.

Baba alilivaa akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. 

Lazima nieleze kuhusu baba, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Baba yangu alisoma seminari. Alibakiza miaka miwili apewe upadre, akaacha. Akaja Mpanda, akapata kazi ya karani, akamwoa mama. Bibi hakuja harusini. Haya sikuyasikia kwa baba. Mama aliniambia siku moja tukichambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasimulia bei ya nyanya. Alisema Bibi alikuwa anafuga mbuzi kwa ajili ya sherehe ya upadrisho wa mwanae. Hakula hata mmoja, hakuuza hata mmoja, hata mwaka ambao mpunga ulikauka. Walikuwa wamefika kumi na mmoja. Barua ya baba ilipofika kwamba ameacha, aliwapeleka wote mnadani siku moja, akarudi na fimbo tupu.

Tangu hapo Bibi na baba wanaongea vizuri tu. Wanaulizana hali, wanaulizana mvua. Jambo hilo hawajawahi kuligusa.

Sasa mtu mzima gani, akilijua hilo, anamtumia mama yule kitenge chenye padre?

Baba Mdogo alimtumia. Alikipeleka mapema Desemba kwa pikipiki ya mtu, ili Bibi ashone huku kwa fundi wa Majimoto. Fundi wa huku hakusumbuliwa na masharti, akamwekea padre kifuani, mkubwa kama sahani, katikati kabisa. Bibi akalivaa gauni lake kwenda jumuiya. Wanawake wa jumuiya wakasoma PADRE WETU, HONGERA, na kila mmoja akajijazia mwenyewe.

Bibi amezaa watoto wanane na wengine wametawanyika mbali. Majimoto siku hizi imejaa wageni: watu wa mpunga, watu wa ng'ombe, watu wa maduka. Nani atahesabu watoto wa bibi kizee na kujua yupi ni padre na yupi siyo?

Tulipofika tarehe 22, habari ilikuwa imeshaiva. Hata mizigo hatujashusha, mama mmoja akapita njiani na ndoo kichwani, akapaza sauti: "Hongera, mama padre! Wageni wamekuja jubilei?"

Bibi akacheka, akasema, "Eti mama padre. Hebu niacheni mie."

Kesho yake alisema, "Asante, mwanangu."

Siku iliyofuata, tarehe 24, mtu akamuuliza padre mwenyewe atakuja lini, na Bibi akajibu, bila kusita, huku anapepeta mchele: "Hawezi kuja. Yuko Ruvuma. Kazi zimembana."

Bibi hajawahi kufika Ruvuma. Sidhani kama amewahi kuliwaza jina hilo kabla ya dakika ile. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikiosha sufuria. Nilimdharau. Wengine kuwadharau ni rahisi na nimezoea. Bibi nilikuwa namheshimu kwa sababu moja tu: hakuwa mtu wa maneno mengi. Kumbe alikuwa anangoja apate maneno yanayomfaa.

Baba alikuwa pale pale, anachonga mpini wa jembe. Alisikia Ruvuma. Aliendelea kuchonga, mpaka mpini ukawa mwembamba kuliko unavyotakiwa.

Baba Mdogo yeye alikuwa anachekelea. Watu walikuwa wameanza kuleta vitu. Huku mtu akiwa na padre kwenye nyumba, watu wanampelekea mama yake chochote walichonacho: sahani ya mchele mpya, chupa ya asali kutoka Ugalla, maboga. Baba Mdogo alikuwa anapokea mlangoni kwa mikono miwili na sura ya utakatifu. Akiulizwa, "Padre ni ndugu yako wa damu?" anajibu, "Padre ni wetu sote." Kisha anaingia ndani anajipiga paja. "Mmeona akiba hiyo?" anasema. "Mimi niliwaambia tutaokoa. Hata kitoweo hatununui!"

Watu walicheka. Mama alicheka kidogo, akaacha.

Mchana huohuo alikuja mama Skola.

Mama Skola ni mjane. Anakodi majaruba ya mpunga ng'ambo ya mfereji na ana watoto wanne. Mume wake alifariki mwaka jana wakati wa palizi. Alibeba jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga, na karatasi iliyokunjwa iliyochanwa kwenye daftari la shule. Alipiga magoti mbele ya Bibi, mtu mzima yule, akasema, "Mama, ukiongea na padre wetu, naomba amtaje marehemu kwenye misa yake. Hata mara moja. Jina nimemwandikisha mtoto hapa."

Nilimtazama Bibi. Nilisema moyoni: sasa. Sasa atasema.

Bibi alipokea jogoo. Akapokea karatasi, akaiingiza kwenye fundo la kanga yake. "Nitamwambia, mwanangu," alisema.

Baba aliweka jembe chini, akatoka nje ya ua.

Jogoo tulimla jioni. Na kwa kuwa hii ni shajara na siyo hotuba, naandika na hili: nilikula paja. Nilikuwa na njaa na liliwekwa kwenye sahani yangu. Niliwadharau wote huku nanyonya mfupa.

Krismasi. Jana.

Mimi ndiye niliyesoma somo la kwanza. Huwa nasoma kila tukija, tangu nikiwa darasa la sita. Wanaonijua wanashangaa, kwa sababu siwezi hata kumsalimia mwenye duka bila kuangalia viatu vyangu. Lakini kusoma siyo kuongea. Maneno ni ya mtu mwingine, mimi nayabeba tu. Nilisoma Isaya vizuri. Nilijua nimesoma vizuri.

Baada ya hapo nilibaki kwenye kile kiti cha wasomaji, mbele pembeni. Ukoo wangu wote ulikuwa umejazana mabenchi matatu ya mbele, ambayo tuliachiwa kwa heshima. Nilikuwa nawaona vizuri. Mapadre thelathini na kitu, bluu na njano, wote wanatabasamu kwa meno yaleyale. Ilikuwa kama kichekesho ambacho mtu amekitengeneza kwa ajili yangu peke yangu, na sikuwa na wa kumkonyeza.

Yakafika matangazo. Mwenyekiti wa kigango akasoma ya usafi, akasoma ya michango, halafu akakunja karatasi akatabasamu. "Mwaka huu tuna furaha ya pekee," alisema. "Familia ya bibi yetu hapa mbele wanasherehekea miaka ishirini na mitano ya upadre wa mtoto wao. Wasimame tuwaone."

Wakasimama.

Sikuamini. Wote wakasimama, mpaka Baba Mdogo akiwa amembeba mwanae mwenye paji la uso. Baba alisimama wa mwisho. Kanisa likapiga makofi na vigelegele. Paroko, ambaye amehamia mwaka huu na bado hajatufahamu, akainua nyusi kwa mshangao na yeye akapiga makofi.

"Mmoja wao atusalimie," alisema mwenyekiti. Akaangaza, akaniona mimi jirani kabisa na kipaza sauti. "Huyu huyu msomaji wetu. Si mjukuu? Njoo, mwanangu. Neno moja tu."

Shangazi baadaye aliniuliza kwa nini sikusema tu "tunashukuru" nikakaa. Ni swali zuri. Sijui. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimelifikiria jambo hilo siku tatu mfululizo, nimelitunga kichwani kwa sentensi safi, na sikutegemea hata siku moja kwamba mtu atanipa kipaza sauti.

Nilisema, "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Nikasema, "Huyu padre hatumjui. Baba Mdogo alinunua kitambaa kwa sababu kilikuwa bei rahisi."

Nikarudisha kipaza sauti.

 Halafu mtu mmoja kwenye kwaya akapasuka kucheka, na kanisa zima likafuata. Hata paroko aliinamisha kichwa akajifuta mdomo. Alipoinuka alisema, "Basi tumwombee popote alipo," wakacheka tena. Hakikuwa kicheko kibaya. Majimoto watazungumza habari hii mpaka mavuno, na watakuwa wanafurahi.

Lakini ukoo wangu ulikuwa bado umesimama. Waliketi mmoja mmoja, bila mpangilio. Bibi alibaki amesimama peke yake, padre kifuani, mpaka shangazi alipomvuta mkono.

Na kwenye benchi la sita, upande wa akina mama, mama Skola hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nyumbani hakuna aliyekula kwa raha, ingawa walikula.

"Nani alikutuma?" Baba Mdogo alisema, kijiko hewani. "Nakuuliza wewe, mwanasheria. Nani alikutuma?"

Nilitazama sahani yangu.

"Mnawasomesha, wanarudi kuwavua nguo madhabahuni. Mtu nimehangaika kuokoa hela za ukoo, leo naitwa bei rahisi mbele ya paroko!"

"Wewe hukuitwa bei rahisi," alisema mama. "Ni kitambaa."

"Shemeji, nyie mmemdekeza sana huyu."

Shangazi alisema nimemwua Bibi akiwa hai. Bibi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa chumbani, mlango umefungwa, na chakula chake kilirudi kama kilivyokwenda.

Nilijiona mimi ndiye mtu pekee mwenye akili ndani ya nyumba ile. Siwezi kuficha. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa kama mtoto mwenye adabu, na ndani nilikuwa nimesimama juu ya meza.

Niliwaza: baba ataelewa. Kila mtu alimpongeza Bibi kwa mtoto ambaye baba alishindwa kuwa. Siku tatu alisikiliza. Mimi ndiye niliyekomesha.

Baada ya chakula alinifuata nyuma ya nyumba, kwenye kinu. Alikuwa ameshavua lile shati. Alikaa kwenye gogo, akaokota punje za mpunga zilizomwagika, akawa anazimenya moja moja kwa kucha.

"Ulisema kwa ajili yangu?" aliuliza.

Nilisema ndiyo.

"Au kwa sababu unatudharau?"

Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo.  Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejua la kujibu.

"Nauliza kwa sababu mimi nilipoacha seminari," alisema, "nilijiambia nasema kweli. Na ilikuwa kweli. Ila barua niliyomwandikia mama yangu ilikuwa ya mtu anayejiona. Nilimwonyesha jinsi alivyokosea kunitaka niwe padre. Kurasa nne. Alimpa mwalimu amsomee." Akatupa punje kwa kuku. "Kusema kweli hakukuwa kosa. Kurasa zile ndizo kosa."

Akainuka akaondoka.

Nimekuwa nikimjibu tangu jana, kimoyomoyo. Nimemwambia yangu ilikuwa sentensi mbili tu, siyo kurasa nne. Nimemwambia uongo ulikuwa wao. Nimemwambia mjane alidanganywa na jogoo wake akaliwa. Majibu yote ni sahihi na kila moja limebaki na kitu chini yake, kama sufuria ambayo wali umegandia.

Kwa sababu kuhusu mama Skola, ukweli ni huu: nilipokuwa nimeshika kipaza sauti, hakuwemo akilini mwangu hata kidogo. Nilikuwa namwona Baba Mdogo. Nilikuwa naona miwani na meno. Nilitaka wajulikane walivyo. Yeye alijua mbele ya watu mia kadhaa wanaocheka kwamba jina la mume wake halijaenda popote, na aliyemjulisha ni mimi, kwa sauti yangu nzuri ya kusomea.

Hilo ndilo nililoligundua leo, na sikuligundua peke yangu.

Leo asubuhi mvua ikiwa bado inanyesha, Bibi aliingia hapa jikoni. Hatujasemeshana tangu kanisani. Alikuwa amevaa kanga zake za shambani, na mkononi ana ile karatasi. Nilisimama nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Aliitikia. Akakaa kwenye kigoda, akaniacha nimesimama.

"Jogoo wa watu tulishamla," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nimemkamata mtetea. Yule wa madoa, anayetaga. Mvua ikikatika nampeleka kwa mama Skola, na karatasi yake naipeleka. Nitamwambia mimi ni mwongo." Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Twende wote."

"Mimi, Bibi?"

"Wewe."

Nilisema, kwa heshima kadiri nilivyoweza, kwamba mimi nilishasema kweli. Aliyebakiwa na la kusema ni yeye na Baba Mdogo.

Bibi aliniangalia. Mimi na yeye tuna macho yanayofanana, watu husema.

"Deus hataenda, anaona haya. Haya zake hazimsaidii mtu," alisema. "Mimi nitaomba radhi ya uongo wangu. Wewe ulimwona yule mama jana, alivyokaa? Nilikuwa nimesimama, nikageuka, nikamwona. Watu wanacheka, yeye anaangalia mikono. Utaomba radhi ya hilo."

"Lakini nilisema kweli."

"Ndiyo. Ulisema kweli. Sikusema ulidanganya." Akasimama, goti likalia. "Utavaa ndala, tope limejaa."

Akatoka.

Ile nusu saa ya kumngoja Bibi imekwisha. Nimekasirika, naomba ieleweke. Bado naamini kufuta zawadi na kubakiza bia ni upuuzi. Bado naamini kwamba watu thelathini wenye akili timamu walipaswa kurudisha yale marobota. Sasa hivi namsikia Baba Mdogo nyumba kubwa akimweleza mtu kwa simu kwamba masalio ya kitenge yatatosha mapazia ya Pasaka, na ningekuwa na ujasiri ningeenda kucheka mlangoni kwake.

Lakini nimejaribu hapa, kati ya aya moja na nyingine, kutunga nitakachomwambia mama Skola, na kila sentensi inayokuja ina mtu mwingine ndani yake wa kulaumiwa. "Pole, familia yangu ilikudanganya." "Pole, Bibi alikosea." "Pole, Baba Mdogo ni mjinga." Ninazo kumi za namna hiyo, zote safi. Yenye mimi peke yangu ndani sijaipata hata moja.

Hivi naweza kumwambia mtu pole bila kumdharau yeyote?

Bibi ameshavuka uwanja. Mtetea amembeba kwapani, kanga ameipandisha isiguse tope, na hageuki nyuma kuangalia kama namfuata. Kwa mama Skola ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa wenye miguu mizima, kwa Bibi ni arobaini.

Nina dakika arobaini za kuitafuta sentensi hiyo. Ngoja nivae ndala.